Uliza ni nyama ipi: mwongozo kwa anayekwenda kupasuliwa pua

Chukua kijiko cha chuma kilichopoa, kiweke chini ya pua, funga mdomo, toa pumzi kwa pua mara moja. Kitazame haraka kabla hakijakauka. Utaona madoa mawili ya ukungu, moja la kila tundu. Kwa miaka mingi doa langu la kushoto lilikuwa dogo kama punje ya hindi, na la kulia limetanda kijiko kizima. Nilikula kiwiko cha pua nikiwa kidato cha pili, kwenye mpira wa mchangani. Nikainua uso juu kama tulivyofundishana, nikameza damu, nikarudi uwanjani. Jambo lenyewe likasahaulika mpaka nilipooa, mke wangu akaniambia nakoroma kama lori la mchanga linalopanda mlima.

Mtaalamu wa kwanza niliyemwendea alinimulika tochi puani kwa muda usiotosha hata kusoma Fatiha. “Una nyama za pua,” akasema, “tutazikata.” Nikapewa tarehe na bei. Sikuuliza ni nyama ipi. Bahati yangu fedha hazikutimia mwezi ule. Miezi minane baadaye daktari bingwa wa masikio, pua na koo aliniingiza kamera nyembamba yenye taa mbeleni, akageuza skrini nikaona mwenyewe: ukuta unaotenganisha tundu mbili ulikuwa umepinda kuelekea kushoto kama mlango uliolowa mvua. Nyama za upande wa kulia zilikuwa zimenenepa kweli, lakini zilinenepa kwa sababu ya ukuta huo, zikijaza nafasi iliyobaki wazi. Yule wa kwanza angenikata upande uliokuwa unapumua.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo. Kabla ya kuuliza bei, tarehe, au kama utalazwa, uliza ni kitu gani hasa ndani ya pua yako kinachokwenda kukatwa.

Jina moja, vitu vitatu

Mitaani, na kwenye vituo vingi vya afya, “nyama za pua” ni jina la mambo matatu yasiyofanana kwa mahali, kwa umri wala kwa tiba.

La kwanza ni tezi iliyo nyuma kabisa ya pua, juu ya kimeo, mahali ambapo tochi ya puani haifiki. Hii ni habari ya watoto. Huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7 hivi, kisha husinyaa yenyewe mtoto akielekea ubalehe. Mtoto mwenye tezi kubwa hulala mdomo wazi, hukoroma, huamka amechoka, na mara nyingi masikio yake hujaa majimaji hata mwalimu akadhani ni mkaidi, kumbe hasikii vizuri. Tezi hii huonekana kwa picha ya eksirei ya ubavuni au kwa kamera, na ikibidi kutolewa hutolewa kupitia mdomoni, mara nyingine pamoja na tezi za koo zinazoleta mafindofindo. Ukiambiwa mwanao ana nyama za pua na hakuna aliyepiga picha wala kuingiza kamera, mtu huyo amekisia. Na nyumbani akitokea bibi mwenye nia njema anayesema dawa ni kumkata mtoto kimeo kwa fundi wa mtaani, mkatalie kwa heshima zote lakini mkatalie. Kimeo hakihusiki hata kidogo, na watoto wamekufa kwa damu na kwa maambukizi kwa sababu ya kile kisu.

La pili ni nyama ambazo kila binadamu anazo: mikunjo mitatu kila upande, inayopasha hewa joto na kuilowesha kabla haijafika mapafuni. Mikunjo hii huvimba kwa vumbi, kwa moshi wa kuni, kwa mzio wa wadudu wa godoroni, kwa mafua, hata kwa ujauzito. Hapa kukata ni hatua ya mwisho. Kwanza hutumika dawa ya kupuliza yenye steroidi, kila siku kwa wiki kadhaa, pamoja na kusafisha pua kwa maji ya chumvi na kuondoa kinachochokoza. Ikishindikana, daktari mzuri huipunguza mikunjo ya chini, haiondoi. Wapo waliokatwa zaidi ya kiasi wakaishia na pua pana kama korido, hewa inapita kwa wingi lakini wao wanahisi wanakabwa, maana utando uliokuwa unaihisi hewa haupo tena. Hali hiyo ni ngumu sana kuitibu. Uliza waziwazi: “Utapunguza kiasi gani, na utabakiza nini?”

La tatu ni vivimbe laini vyenye rangi ya kupauka, vinavyofanana na zabibu iliyomenywa, ambavyo huota kutoka kwenye utando wa mapango ya hewa yaliyo kando ya pua. Haviumi. Huziba tu, na kabla ya hapo huiba harufu: mtu anaacha kusikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, anadhani ni uzee. Mara nyingi huwa pande zote mbili, na huandamana na pumu. Kama unavyo, na una pumu, na aspirini au dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki zinakubana kifua, mwambie daktari hayo matatu kwa pamoja, kwa sababu ni ugonjwa mmoja unaojulikana. Vivimbe hivi hutolewa kwa kamera, lakini vina tabia ya kurudi. Mtu akikuahidi kwamba vikikatwa vimekwisha, amekudanganya au hajui. Baada ya upasuaji utaendelea na dawa ya kupuliza kwa muda mrefu, pengine miaka.

Halafu kuna mambo ambayo hayafai kukatwa kwa haraka hata kidogo. Kivimbe cha upande mmoja tu kwa mtu mzima, hasa kikitoa damu, kipigwe picha ya CT na kipande chake kipimwe maabara. Kijana wa kiume aliye kwenye ubalehe, pua imeziba upande mmoja na anatokwa muhina mara kwa mara, asikubali mtu amchokonoe wala kumkata kipande kliniki. Kuna uvimbe wa mishipa ya damu unaowapata vijana hao, na ukiguswa kijuujuu damu yake haizuiliki kirahisi. Na mtoto mdogo anayetoka usaha wenye harufu mbaya upande mmoja, kabla ya kufikiria ugonjwa wowote, fikiria shanga, punje ya harage, kipande cha sponji ya godoro, au betri ndogo ya saa. Hiyo ya betri ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa kuwa inaunguza.

Kwangu mimi, kama nilivyosema, haikuwa nyama. Ukuta wa kati ya pua kwa mbele ni gegedu, kwa nyuma ni mfupa, na kwa watu wengi sana umepinda kidogo bila kuwasumbua. Kupinda peke yake si sababu ya kupasuliwa. Sababu ni kupinda kunakoziba, kusikotulia kwa dawa. Kwa vijana, madaktari wengi husubiri uso umalize kukua, yaani karibu miaka 16 au 17, isipokuwa hali ikiwa mbaya. Na nikiongeza neno la mtu aliyechelewa: pua ikivunjika leo, hunyooshwa kwa urahisi ndani ya wiki 2 kwa mtu mzima, na kwa mtoto mapema zaidi. Ukipita muda huo mifupa imeshika, kinachobaki ni upasuaji.

Kabla hujasaini

Shangazi yangu alikaa miaka na kichupa cha dawa ya kuzibua pua kwenye mkoba, anapuliza kila baada ya saa chache hata msibani. Dawa zile hubana mishipa ya damu, pua ikafunguka ndani ya dakika, lakini zikipita siku 5 hadi 7 mfululizo pua huzoea, na dawa ikiisha nguvu huvimba kuliko mwanzo. Alikuwa ameshapangiwa upasuaji. Daktari wa pili akamwachisha kichupa taratibu, akampa ya steroidi mahali pake, na wiki sita baadaye hakukuwa na cha kupasua. Kama wewe ni wa kichupa, sema, hata kama unaona aibu.

Kipimo cha chini kabisa kabla ya kukubali kisu ni kamera puani. Kwa upasuaji wa mapango ya hewa, ongeza picha ya CT, kwa sababu ukuta unaoyatenganisha na jicho ni mwembamba kama karatasi, na juu yake kuna ubongo. Daktari anahitaji ramani. Asiyehitaji ramani muogope.

Muulize ameshafanya upasuaji huu mara ngapi, na kama kwa hali yako ipo njia nyingine ambayo bado hujajaribu. Muulize matokeo gani hutegemewa, maana upasuaji wa ukuta hutibu kuziba, hautibu mzio. Mtu mwenye mzio atanyooshwa ukuta na bado atapiga chafya akifagia. Kukoroma nako kunaweza kupungua au kusipungue, kwa kuwa mkoromo mwingi hutoka kooni. Ukikoroma huku pumzi ikikatika usingizini, kisha mchana unasinzia kwenye daladala, hilo ni tatizo la kupimwa kivyake. Na kama huo mkatiko wa pumzi unaujua, lazima daktari wa usingizi, yule wa nusu kaputi, aambiwe kabla ya siku yenyewe.

Jina la daktari linaweza kuthibitishwa. Tanzania Bara lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya lipo baraza lao la madaktari na madaktari wa meno, na daftari la waliosajiliwa huonyesha pia ubingwa wa mtu. Hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, zina idara za masikio, pua na koo. Foleni ipo, lakini kwa upasuaji usio wa dharura foleni haiui. Mimi ningengoja miezi mitatu kwa bingwa kuliko siku tatu kwa mwenye tochi.

Kuhusu fedha, omba mchanganuo wote kwa maandishi: mpasuaji, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, kitanda, vipimo vya maabara, vibao vya silikoni vinavyowekwa puani, na ziara za kurudi. Kinachowashangaza watu ni hizo ziara. Ukiwa na bima, kibali kipatikane mapema na kitaje ugonjwa kwa jina lake kamili. Kwenye fomu “nyama za pua” haitoshi, na bima kwa kawaida hailipi kitu kinachosomeka kama urembo.

Wiki chache kabla

Daktari wa usingizi atakuuliza maswali, nawe jibu yote kama unavyomjibu kadhi. Presha, kisukari, pumu, kifafa, mimba, meno yaliyolegea, ndugu aliyewahi kupata shida kwenye nusu kaputi. Selimundu itajwe hata kama wewe una chembe tu na huumwi. Kwenye ukanda wetu ni ugonjwa wa watu wengi, na mwenye nao anahitaji kuandaliwa asikose maji wala oksijeni wala kupata baridi. Kama unajichubua jeraha dogo na damu inakawia kukata, au uling’olewa jino ukavuja siku nzima, hilo nalo liseme.

Dawa zinazolainisha damu ndizo adui wa pua. Aspirini na nyingi za maumivu huachwa siku 7 hadi 10 kabla, lakini kama aspirini au dawa nyingine ya kuyeyusha damu uliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa uamuzi wako. Waache madaktari wawili waongee. Kwa maumivu madogo tumia parasetamoli. Wengi wanataja vidonge wakasahau za asili: vitunguu saumu vya kumeza kila asubuhi, tangawizi kali, vidonge vya mafuta ya samaki, unga wa mizizi alioleta mjomba. Kwenye chai na mchuzi hakuna tatizo. Nazungumzia dozi. Peleka kopo lenyewe wakalione.

Sigara na shisha ziachwe wiki 4 kabla na ziendelee kuachwa mpaka upone, maana moshi hunyima kidonda damu. Ugoro wa kunusa ndio kabisa, unakwenda moja kwa moja kwenye kidonda. Na kama umewahi kunusa kokeni, mwambie daktari mkiwa wawili tu. Inatoboa ukuta wa pua, na daktari akikata bila kujua, ukuta unaweza kushindwa kupona.

Wakati huohuo itayarishe nyumba: mito miwili ya kunyanyulia kichwa, chakula laini, maji ya kunywa karibu na kitanda kwa kuwa utalala mdomo wazi na ulimi utakauka kama karatasi ya msasa, na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani. Haitoshi kuita teksi, na bodaboda usiifikirie kabisa.

Siku yenyewe

Chakula, saa 6 kabla ya upasuaji basi. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka saa 2 kabla, ila fuata watakachokuambia pale. Uji si maji. Chai ya maziwa si maji. Upasuaji huahirishwa kila wiki kwa sababu ya kikombe cha uji ambacho mama alimpa mgonjwa kwa huruma, na sababu yenyewe ni kwamba tumbo lenye kitu huweza kurudisha kitu hicho mapafuni ukiwa usingizini.

Kipini cha pua, hereni, kope za kubandika, meno ya bandia, vyote viachwe nyumbani. Kwa dada zetu wa pwani liko jambo ambalo hawaambiwi mpaka wamefika: kidole hufungwa kifaa chenye taa kinachosoma oksijeni kupitia kucha, na piko nyeusi au rangi nzito ya kucha huweza kukidanganya. Harusi ikiwa karibu, acha angalau vidole viwili bila kitu.

Upasuaji wa ukuta huchukua kama dakika 30 hadi 90, kwa nusu kaputi, na hufanyiwa ndani ya matundu, kwa hiyo hakuna kovu la nje. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Utaamka pua imeziba kabisa, kama mafua ya maisha yako yote yamekusanyika, chini yake umefungwa kipande cha shashi mithili ya sharubu. Usiogope ukitapika kitu cheusi mara moja. Ni damu uliyomeza. Mimi nilidhani nakufa, muuguzi akanipangusa, akaendelea na hadithi yake ya mwenye nyumba.

Wengine hujazwa shashi au sponji za kuzuia damu, zinazotolewa baada ya siku moja au mbili. Kwangu viliwekwa vibao laini vya silikoni kila upande, vikashonwa kwa uzi mmoja katikati, vikakaa wiki nzima. Siku ya kuvitoa daktari alikata uzi, akasema “pumua kwa mdomo,” akavuta. Kilichotoka kilikuwa kirefu kuliko nilivyoamini pua inaweza kumeza, kimefunikwa kamasi na damu ya kahawia. Machozi yalinitoka bila kulia. Kisha hewa ikaingia kushoto, ya baridi, mpaka nikaihisi nyuma ya jicho. Kwa sekunde kadhaa nilisahau kutoa pumzi.

Wiki mbili za adabu

Usipenge kamasi. Hili ndilo sharti kubwa, na ndilo gumu, maana pua imejaa na mkono una mazoea. Futa tu kinachotoka. Chafya ikija ifungulie mdomo itoke huko, usiibane. Kichwa kiwe juu usiku. Usinyanyue ndoo, gunia, wala mtoto. Ukiwa na mtoto wa miaka miwili mweke mbali na uso wako, kichwa chake ni hatari kuliko kiwiko changu cha kidato cha pili. Chakula na chai viwe vuguvugu siku za mwanzo, maji ya kuoga yasiwe ya moto, na kusonga ugali uso ukiwa juu ya mvuke aachiwe mwingine. Jiko la kuni vilevile.

Waislamu wengi huniuliza kuhusu sala. Kusujudu kunapeleka damu kichwani na kunaweza kufungua kidonda, na mgonjwa ameruhusiwa kusali amekaa na kuashiria. Kupandisha maji puani kwenye udhu, kwa madhehebu ya Shafii tunayofuata wengi wa pwani, ni sunna, kwa hiyo udhu wako umetimia bila kupandisha. Ukiwa na shaka muulize imamu wako kabla ya upasuaji, siyo baada. Na kama unaweza kuchagua tarehe, usiiweke Ramadhani, kwa sababu mdomo mkavu, dawa za saa na usingizi wa vipande havipatani na kidonda cha pua.

Kusafisha kwa maji ya chumvi huanza siku daktari atakayosema, na baada ya hapo ndiko kunakoponya. Pakiti za dukani ni nzuri. Ukitengeneza mwenyewe, chemsha maji yachemke kweli kwa dakika 1, au dakika 3 kama unakaa nyanda za juu sana, yaache yapoe, halafu kwa robo lita weka nusu kijiko cha chai cha chumvi safi na chembe ya bikaboneti ya soda. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa yasiingie puani hata mara moja. Kuna vimelea ambavyo ukivinywa havikudhuru, lakini vikipitia puani hufika kwenye ubongo.

Meno ya juu ya mbele yanaweza kufa ganzi kwa wiki kadhaa au miezi. Harufu hupotea kwa muda, na ni nadra isirudi. Nimesema nadra kwa makusudi, kwa sababu fomu ya ridhaa unayosaini ina orodha, nawe una haki ya kusomewa kila mstari: kuvuja damu, maambukizi, tundu kwenye ukuta wa pua linalopiga mluzi, pua kubonyea kwa juu, na uwezekano wa kurudia.

Ndege subiri wiki moja hadi mbili, na upate ruhusa ya daktari. Hili wakumbuke hasa wanaokwenda India au Uturuki kupasuliwa. Tikiti ya kurudi isiwe ya siku ya tatu, na ondoka na ripoti ya upasuaji iliyoandikwa kwa lugha ambayo daktari wa nyumbani ataisoma.

Kinachokurudisha hospitali usiku huohuo

Matone ya damu iliyochanganyika na kamasi kwa siku mbili tatu ni ya kawaida. Damu mbichi inayotiririka siyo. Kaa, inamisha kichwa mbele (ule uso juu tuliofundishana shuleni hupeleka damu kooni tu), bana kwa upole sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia, weka barafu kwenye paji la uso. Isipokata, nenda. Kama pua yako imebadilishwa umbo usibane mpaka uambiwe. Inama, weka barafu, piga simu. Usijisokomezee pamba.

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, homa, na pande zote mbili kuziba ghafla kwa uvimbe laini, hiyo huweza kuwa damu iliyojikusanya ukutani. Gegedu hulishwa na utando wake, ukitenganishwa nao hufa ndani ya siku chache, na pua ikaporomoka. Hata asiyepasuliwa, aliyepigwa ngumi tu, dalili hiyo ni ya siku hiyohiyo. Baada ya upasuaji wa mapango ya hewa, ongeza hizi: jicho kuvimba au kuona vitu viwili, kichwa kuuma sana shingo ikikaza, na maji maangavu yanayotiririka upande mmoja ukiinama, yenye ladha ya chumvi. Hayo si mafua. Huenda ni maji yanayozunguka ubongo.

Kama unachotaka ni umbo

Sitakuhubiria. Mwaka 1898 huko Berlin, daktari Jacques Joseph aliwasimulia wenzake kuhusu mtu aliyemfuata kwa sababu pua yake kubwa ilimfanya aogope kutoka hadharani, akamtetea kwamba mateso ya namna hiyo nayo yana haki ya tiba. Mjadala wa nani anastahili haujaisha tangu hapo, na pua ni yako.

Ila ujue haya. Kila kinachopunguzwa nje kinapunguza nafasi ya ndani, kwa hiyo uliza utapumuaje. Matokeo ya mwisho hayaonekani kwa mwezi, ni karibu mwaka mzima, na ngozi nene, ambayo wengi wetu tunayo, hukawia zaidi kushuka uvimbe. Pua zetu mara nyingi huhitaji kuongezewa gegedu kuliko kupunguzwa, na gegedu hilo hutolewa kwenye ukuta wa pua, sikio au ubavu, hivyo kutakuwa na kidonda cha pili. Kama umewahi kupata kovu la kuvimba lisilokoma, kwenye sikio ulilotoboa au kifuani, mwonyeshe daktari. Miwani haitakaa puani kwa wiki 4 hadi 6. Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza. Na sindano za kujaza pua zinazofanyika saluni ndani ya dakika kumi, kwa jina la “bila kisu”, zimewahi kuua ngozi ya pua na kupofusha macho, kwa kuwa mishipa ya pua imeungana na ya jicho. Ningechagua kisu cha bingwa kuliko sindano ile.

Ziara yangu ya mwisho ilikuwa mwezi wa tatu. Daktari aliniwekea kipande cha chuma chini ya pua, akaniambia nitoe pumzi. Madoa mawili, lakini la kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia. Moyo ukanishtuka, nikadhani sasa upande mwingine umeharibika. Akacheka, akaniambia tundu za pua hupokezana zamu kila baada ya saa chache, moja linafunguka lingine linapumzika, kwa watu wengi. Nikafika nyumbani nikachukua kijiko. Saa tatu usiku la kulia ndilo lililokuwa kubwa.